Kujazia uso baada ya miaka sitini: tathmini ya Voluma, Sculptra na Radiesse

Mtu akifika miaka sitini na kujitazama kwenye kioo mchana wa jua, macho yake hukimbilia makunyanzi, naye hudhani kwamba tatizo liko kwenye ngozi. Hununua krimu, akaipaka asubuhi na usiku, akangoja. Kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi makunyanzi huchelewa na huwa machache. Kinachotangulia ni kubonyea: mashavu hushuka, panja huingia ndani, kivuli hujichora chini ya macho, na mtu aliyelala vizuri usiku kucha huulizwa na kila anayemwona kama anaumwa. Uso umepungukiwa na kile kilichokuwa kikiishikilia ngozi kwa chini, na hakuna krimu inayofika huko. Katika tathmini hii ninazipima sindano tatu zinazojulikana sana katika kurudisha ujazo huo, yaani Juvéderm Voluma, Sculptra na Radiesse, nikiwa upande wa mtu mzima anayelipa kwa fedha zake mwenyewe na anayetaka kubaki na sura yake.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa anayeanza akiwa na umri mkubwa, ningechagua jeli ya asidi ya hialuroniki, ambayo Voluma ni mojawapo, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayoweza kuyeyushwa ikikaa vibaya. Sculptra ina nafasi yake, na kwa kundi moja la watu naiona bora kuliko nyingine zote. Radiesse ningeiweka kwenye taya, tena mikononi mwa daktari aliyeizoea.

Uchaguzi wowote huanza na kuelewa kilichopotea. Mwaka 2007 madaktari wa upasuaji Rohrich na Pessa wa Marekani walichapisha kazi yao waliyoifanya kwa kuchoma rangi kwenye nyuso za maiti, wakaonyesha kwamba mafuta ya uso hayakutandazwa kama blanketi moja, bali yamegawanyika katika vyumba vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, na kila chumba huzeeka kwa mwendo wake. Mafuta ya ndani ya shavu, yale yaliyolala karibu na mfupa, yakipungua, nyama iliyo juu yake hukosa egemeo na kuteremka. Hapo ndipo mkunjo unaotoka puani hadi pembe ya mdomo unapozama. Mfupa nao hubadilika: tundu la jicho hupanuka, taya ya juu hurudi nyuma, taya ya chini hupungua, hasa kwa aliyeng'olewa meno. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake, ukimwonyesha mkunjo wa puani, hawahi kuujaza mkunjo wenyewe. Huanza kwenye shavu, karibu na mfupa, na mara nyingi mkunjo hulegea bila kuguswa. Mtu anayeujaza mkunjo moja kwa moja, bomba baada ya bomba, huongeza uzito mahali ambapo uso tayari umeelemewa, na matokeo yake ni mdomo uliotokeza mbele na mashavu yaliyobaki matupu vilevile.

Niitaje pia Botox, kwa kuwa wengi huichanganya na sindano hizi. Hiyo hulegeza misuli, kwa hiyo hupunguza mistari ya kipaji cha uso na ile iliyo katikati ya nyusi. Haijazi chochote, na mwenye mashavu yaliyobonyea hatapata kwayo anachokitafuta.

Asidi ya hialuroniki imo mwilini mwetu tangu kuzaliwa, kwenye ngozi, kwenye viungo na kwenye maji ya jicho. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe. Ikiwa katika hali yake ya asili, mwili huivunja na kuiondoa upesi, kwa hiyo watengenezaji huziunganisha nyuzi zake kwa kemikali ili zigeuke jeli inayodumu kwa miezi au miaka. Restylane, mojawapo ya jeli hizo, iliyotengenezwa Uppsala nchini Sweden, iliingia soko la Ulaya mwaka 1996 na kupata idhini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2003. Voluma ilipata idhini yake mwaka 2013, nayo ikaidhinishwa mahsusi kwa kurudisha ujazo wa mashavu uliopotea kwa umri, na maelezo yake rasmi yanasema matokeo yanaweza kudumu hadi miaka miwili. Ina miligramu 20 za asidi hiyo katika kila mililita, pamoja na lidokeini kidogo ya kutia ganzi. Ni jeli ngumu kiasi, inayoweza kubeba nyama ya shavu bila kutandazika, na ugumu huohuo ndio unaoifanya isifae kwenye midomo wala kwenye ngozi nyembamba ya chini ya jicho, ambako jeli laini zaidi ndizo zinazohitajika. Ukisikia kliniki ikisema ina aina moja ya jeli na inaitumia uso mzima, uwe na wasiwasi.

Mimi nimejaziwa mashavu na panja kwa Voluma, na daktari wa ngozi jijini Nairobi, mwanamke mwenye subira. Kabla ya kugusa sindano aliniketisha wima, akazima taa ya dari na kuacha mwanga wa dirishani uje kwa upande. Alichora kwa penseli nyeupe, ambayo kwenye ngozi yangu inaonekana vizuri kuliko kalamu ya wino. "Mama, tabasamu," aliniambia, akachora. "Sasa tulia," akachora tena, na mistari ile miwili haikulingana; nafasi iliyokuwa katikati yake, alinieleza, ndiyo aliyokusudia kuijaza. Kwenye mfupa wa shavu alitumia sindano ya kawaida hadi akagusa mfupa, akavuta kidogo bomba kuangalia kama damu inaingia, ndipo akasukuma jeli polepole sana. Chini yake alitoboa kitundu kimoja na kupitisha kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu. Maumivu yalikuwa madogo. Kilichonisumbua zaidi ni ile hali ya kuhisi kitu kikisogea chini ya ngozi, na sauti ya kukwaruza ambayo mtu huisikia kwa ndani ya kichwa. Kila baada ya kipimo kidogo alinisimamisha na kunitazama kwa mbali. Alisimama kabla sijadhani kwamba amemaliza, akasema zilizobaki tutaziamua uvimbe ukishatulia. Kwa tabia hiyo peke yake ningempa alama zote.

Matokeo yaliyobaki baada ya uvimbe kuisha yalikuwa ya kiasi. Mashavu yalirudi mahali pake na kivuli cha chini ya macho kilipungua, ingawa hapakuchomwa kitu hapo. Jamaa zangu walisema nimepumzika. Hakuna aliyetaja sindano. Upande wa kushoto nilipata mchubuko uliochukua zaidi ya wiki kufifia, na ilinibidi nijifunge ushungi kwa uangalifu nilipokwenda arusini.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kiasi. Bomba moja la Voluma lina mililita 1, na kijiko cha chai kina mililita 5. Kwa hiyo bomba moja, likigawanywa pande mbili za uso, ni sehemu ya kumi ya kijiko kwa kila shavu. Uso uliopungukiwa kwa miaka ishirini hautajazwa na bomba moja, na anayeahidi hivyo anauza ndoto. Lakini pia haufai kujazwa wote kwa mara moja. Kwa kuwa bei hutozwa kwa bomba, mteja ana haki ya kuuliza mapema ni mabomba mangapi yanatarajiwa, ni yapi ya lazima, na kama kikao cha marekebisho kimo katika bei au kinalipiwa kando. Jijini London bomba moja mara nyingi huwa pauni mia kadhaa, na kwetu pia si jambo la fedha ndogo. Ni afadhali kusubiri hadi mtu aweze kumlipa daktari mzuri kwa mabomba mawili kuliko kuharakisha kwa matatu yanayouzwa kwa bei ya ofa.

Jeli hizi zina kasoro zake. Huvuta maji, kwa hiyo mtu anayeamka na uso uliovimba anaweza kuvimba zaidi. Vinundu vinaweza kutokea miezi baadaye, wakati mwingine baada ya mafua, maambukizi ya jino au chanjo. Na ile hesabu ya kwamba jeli imekwisha baada ya mwaka mmoja au miwili haiaminiki sana kama tulivyodhani: picha za MRI zimeonyesha mabaki yake katika nyuso za watu miaka mingi baada ya sindano ya mwisho. Kwa maoni yangu hili ndilo chanzo cha nyuso zile za mviringo tunazoziona kwa watu maarufu, ambazo zimejazwa kila mwaka kwa ratiba, bila mtu kuuliza kama cha mwaka uliopita bado kipo. Mtu mzima anapaswa kurudi kwa daktari kwa sababu uso umepungua, na kalenda peke yake haitoshi kuwa sababu.

Sculptra ni kitu tofauti kabisa. Ndani ya kichupa mna poda kavu nyeupe ya asidi ya poli-L-laktiki, jamii ya kemikali ambayo madaktari wa upasuaji wameitumia kwa muda mrefu katika nyuzi za kushonea zinazoyeyuka. Daktari huichanganya na maji safi ya sindano hadi iwe kama maziwa, kisha huidunga ndani. Siku ya kwanza uso hujaa, na mgonjwa hufurahi. Baada ya siku chache maji yanapoondoka, uso hurudi ulivyokuwa, na asiyeonywa hudhani ametapeliwa. Kazi halisi huja polepole: chembe za poda huuchokoza mwili utengeneze kolajeni yake wenyewe, yaani protini inayoipa ngozi uimara, kuzunguka chembe hizo, na unene huongezeka kwa miezi. Kwa kawaida vikao vitatu hivi huhitajika, vikipishana kwa wiki kadhaa, na matokeo yanaweza kudumu miaka miwili au zaidi. Mgonjwa hupewa kazi ya nyumbani ambayo si ya hiari: kukanda sehemu zilizochomwa kwa dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5, ili poda isikusanyike na kufanya vinundu.

Historia yake inatuhusu sana watu wa Afrika Mashariki. FDA iliidhinisha Sculptra mwaka 2004 kwa ajili ya watu wenye VVU waliopoteza mafuta ya uso, na idhini ya urembo ikafuata mwaka 2009. Sehemu kubwa ya upotevu huo ilisababishwa na dawa za zamani za VVU, hasa stavudini, ambayo ilikuwa ndani ya vidonge vya mseto walivyoanzishiwa maelfu ya wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania wakati matibabu yalipoanza kupatikana kwa wengi. Vidonge hivyo viliokoa maisha, na pia vilichora mashavu kwa namna ambayo kila mtaa ulijifunza kuitambua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 kwamba stavudini iachwe hatua kwa hatua kwa sababu ya madhara yake ya muda mrefu. Wagonjwa walibadilishiwa dawa, lakini mafuta yaliyokwisha kupotea kwa wengi hayakurudi vya kutosha, na leo watu hao wanaingia uzee wakiwa na upotevu wa aina mbili, ule wa dawa na ule wa umri.

Rafiki yangu wa siku nyingi, muuguzi anayeishi Uingereza, ni mmoja wao, na ameniruhusu niandike hili bila kumtaja jina. Huko baadhi ya kliniki za VVU ziliwapa wagonjwa matibabu haya kupitia huduma ya afya ya taifa, kwa kutambua kwamba uso unaotangaza ugonjwa humfanya mtu aache kutoka nyumbani, na pengine aache hata dawa. Nchini Marekani pia, bima ya serikali kwa wazee, Medicare, ilikubali mwaka 2010 kulipia Sculptra na Radiesse kwa wagonjwa wa namna hiyo. Nilipomwona rafiki yangu baada ya matibabu yake kukamilika, mashavu yalikuwa yamejaa kwa ulinganifu, bila mpaka unaoonyesha kitu kilipoanzia na kilipoishia, jambo ambalo jeli hulipata kwa shida pale upungufu unapoenea uso mzima. Ukimgusa shavuni unahisi nyama. Nikiulizwa na mtu aliyepoteza mafuta ya uso kwa stavudini, nitamshauri aanze kwa kuuliza kuhusu Sculptra, na ningependa sana kliniki zetu za VVU zianze kulizungumza jambo hili waziwazi, kwa maana hata kwa wasio na uwezo wa kulilipia, kuambiwa kwamba hali yao ina jina na ina tiba ni haki yao.

Pamoja na sifa hizo, Sculptra haina kinyume chake. Ikikaa vibaya hakuna dawa ya kuiyeyusha. Unasubiri, unakandwa, pengine unachomwa dawa za kutuliza uvimbe, na vinundu vingine hukaa muda mrefu sana. Haifai midomoni wala kuzunguka macho, na humtaka mtu mwenye subira anayeweza kurudi kwa daktari yuleyule. Anayesafiri kutoka Muscat au Toronto kuja nyumbani kwa likizo fupi, akitaka kumaliza kila kitu kabla ya kupanda ndege, achague kingine.

Radiesse naipitia kwa ufupi. Ni chembe ndogo za kalsiamu hidroksilapatiti, madini ya jamii moja na yale yaliyomo katika mifupa na meno yetu, zikielea katika jeli. Hutoa ujazo papo hapo kisha huchochea kolajeni, na kwa kawaida hudumu mwaka mmoja au zaidi kidogo. Ilipata idhini ya FDA mwaka 2006, na baadaye ikaidhinishwa pia kwa migongo ya viganja, ambako inafanya kazi nzuri kwa mikono iliyokonda. Ni imara, kwa hiyo hufaa kuchora upya ukingo wa taya uliolegea. Huonekana kwenye picha za CT, na pengine hata kwenye eksirei ya kawaida, jambo lisilodhuru lakini linaloweza kumshangaza mpiga picha wa hospitali asiye na habari. Nayo haiyeyushwi kwa sindano ya kawaida, haifai midomoni, na ikiwekwa juujuu chini ya ngozi nyembamba huonekana kama mabaka meupe. Sikuvutiwa nayo kwa mashavu ya mtu anayeanza.

Vipo pia vya kudumu moja kwa moja, kama Bellafill, yenye chembe za plastiki ndani ya kolajeni ya ng'ombe. Uso wa miaka sitini hautakuwa uso wa miaka sabini na mitano. Kilichokaa vizuri leo kitakaa wapi mfupa ukiendelea kurudi nyuma? Sioni sababu ya kukubali kitu kisichotoka. Silikoni ya maji inayodungwa usoni au mwilini na watu wa mitaani, hiyo ni hatari tupu, na FDA imeionya hadharani.

Hatari ambayo kila mteja anapaswa kuielewa kabla ya kutia saini ni sindano kuingia kwenye mshipa wa damu. Hutokea mara chache, hata kwa madaktari hodari, lakini ikitokea, kilichodungwa huziba mshipa na ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Kikisafiri hadi mshipa wa jicho, mtu anaweza kupofuka. FDA ilitoa onyo rasmi juu ya jambo hili mwaka 2015. Sehemu zenye hatari kubwa ni katikati ya nyusi, pua, kipaji cha uso na pembeni mwa pua. Vitabu vingi hufundisha kwamba dalili ya kwanza ni ngozi kupauka ghafla, kisha kuingia mabaka ya zambarau, na picha za mafundisho mara nyingi ni za wagonjwa weupe. Kwenye ngozi nyeusi kupauka huko hujificha, na muda wa thamani hupotea. Kwa hiyo muulize daktari wako anavyoitambua hatari hii kwa mtu wa rangi yako. Jibu ninaloliamini ni la yule anayesema kwamba hubonyeza ngozi na kuhesabu inavyorejea rangi yake, akalinganisha upande na upande. Kwamba huangalia ufizi na ndani ya mdomo ambako rangi haifichiki. Kwamba hugusa kutafuta ubaridi. Na kwamba maumivu makali yasiyolingana na kazi iliyofanyika huyachukulia kwa uzito hata kama ngozi inaonekana sawa. Ukishafika nyumbani, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi inayobadilika rangi au vipele vya usaha vinavyofuata njia ya sindano ni sababu za kurudi siku ileile, hata ikiwa ni usiku. Jicho likiingia giza, hilo ni suala la dakika, na mtu hukimbizwa hospitali.

Hapa ndipo faida ya asidi ya hialuroniki inapopata uzito wake wote. Kuna kimeng'enya kiitwacho hialuronidasi ambacho huiyeyusha jeli hiyo kwa muda mfupi, na kikidungwa mapema na kwa kipimo kikubwa kinaweza kuiokoa ngozi. Kwa Sculptra na Radiesse hakuna kitu cha namna hiyo. Nilipomhoji daktari wangu kuhusu hialuronidasi, aliinuka, akafungua jokofu dogo na kunionyesha vichupa na tarehe zake za kuisha muda. Kliniki nyingine niliyoitembelea kabla yake, yenye sofa nzuri na chai ya tangawizi, ilinijibu kwamba dawa hiyo "huagizwa ikihitajika." Sikurudi huko. Mwenye historia ya mzio mkali, hasa wa kuumwa na nyuki, amweleze daktari, kwa sababu hialuronidasi nayo inaweza kuleta mzio.

Kuhusu anayedunga: nchini Kenya, jina la daktari huangaliwa katika rejesta ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, nayo bidhaa iko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na bidhaa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Wenzetu walioko Uingereza wasidhani kwamba huko kila kitu kimekwisha kudhibitiwa: tangu mwaka 2021 sheria ya England inakataza kuwajazia uso walio chini ya miaka 18, lakini jeli za kujazia hazikuwa dawa za kuandikiwa na daktari, na kwa miaka mingi hata mtu asiye na mafunzo ya tiba ameweza kuzidunga kihalali kwa watu wazima. Saluni zinazotumia kalamu za kurusha jeli kwa mgandamizo bila sindano ziepukwe kabisa. FDA ilizionya mwaka 2021, kwa kuwa hakuna anayeweza kuongoza kina wala mahali jeli inapoishia. Boksi lifunguliwe mbele yako likiwa bado na lakiri yake.

Umri wetu huja na dawa nyingine, na daktari asiyeuliza habari zake hafai. Anayetumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu atachubuka zaidi, lakini asiziache bila idhini ya daktari aliyemwandikia, kwa maana mchubuko hupona na kiharusi hakina mzaha. Mwenye kisukari asubiri hadi sukari itulie. Mwenye jino bovu alitibu kwanza na kuacha wiki mbili hivi zipite. Maradhi ya kinga ya mwili kujishambulia yanahitaji mazungumzo marefu, hasa kwa Sculptra. Anayepata makovu yaliyofura amwambie daktari, ambaye huenda akachagua kanula ili kupunguza matundu, na baada ya hapo ajikinge na jua ili michubuko isiache madoa. Anayetumia sindano za kupunguza uzito kama semaglutide, ambazo hukondesha uso pamoja na tumbo, angoje uzito utulie. Vinginevyo atajaziwa uso ambao bado unabadilika.

Wasomaji Waislamu huuliza kuhusu asili ya viungo, na swali hilo linastahili jibu la wazi. Asidi ya hialuroniki ya Restylane na Juvéderm hupatikana kwa kuchachusha bakteria, Sculptra na Radiesse hutengenezwa kiwandani bila nyama ya mnyama, na Bellafill ina kolajeni ya ng'ombe. Hukumu ya kubadili au kurekebisha sura nawaachia wenye elimu yake.

Kwa hesabu yangu, basi, Voluma naipa nafasi ya kwanza kwa mashavu yaliyoshuka kwa umri, kwa mwenye uzito uliotulia, ikidungwa kidogo kidogo na daktari mwenye hialuronidasi ndani ya jokofu lake. Sculptra naipa nafasi ya kwanza kwa uso uliokonda wote, iwe kwa stavudini, kwa maradhi au kwa mwili mwembamba wa kuzaliwa, pale ambapo daktari ameifanya kazi hiyo mara nyingi na mgonjwa yuko tayari kukanda na kungoja. Anayetaka kuchanganya mbili katika kikao kimoja asubiri aone moja ilivyokaa kwanza. Chochote atakachochagua, aombe stika ya namba ya toleo inayokuja ndani ya boksi, aibandike kwenye daftari lake la hospitali pamoja na tarehe, kiasi na sehemu zilizochomwa, na amwonyeshe daktari wa meno na mpiga picha wa eksirei kila atakapokwenda kwao.